W. D. Hamilton na Chimbuko la Ushirikiano katika Michezo ya Marudio

William Donald Hamilton alizaliwa Kairo, Misri, tarehe 1 Agosti 1936, akakulia Kent, Uingereza. Mwaka 1964, kabla hajapata shahada ya udaktari, alichapisha makala mawili yaliyoeleza kihisabati sababu ya nyuki na sisimizi kujitolea kwa ajili ya jamaa zao: kiumbe anayemsaidia wa damu yake huendeleza jeni wanazochangia. Nadharia hiyo, hata hivyo, haikutosha kueleza ushirikiano wa wasio na undugu.

Tatizo hilo si geni kwa jamii za wakulima. Wakulima wawili wa Murukulazo, wilayani Ngara, wakipatana kulimiana kwa zamu, aliyelimiwa kwanza atapata faida zaidi akikwepa zamu yake. Iwapo hawatakutana tena, ukwepaji una tija. Wakitegemeana kila msimu, hesabu hubadilika. Wanahisabati huchunguza hali ya namna hiyo kwa mchezo uitwao mtanziko wa wafungwa.

Hamilton alifundisha katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kuanzia 1978 hadi 1984. Huko Robert Axelrod, mtaalamu wa sayansi ya siasa, alikuwa ameshindanisha programu za kompyuta katika mchezo huo. Katika shindano la pili zilikuwamo programu 62 kutoka nchi sita. Iliyoshinda, kama mara ya kwanza, ilikuwa programu fupi ya Anatol Rapoport, ambayo huanza kwa kushirikiana, kisha humtendea mwenzake kama alivyotenda katika duru iliyotangulia. Aidha, Axelrod aliziacha programu zilizofaulu ziongezeke, na zilizoshindwa zipungue, kizazi baada ya kizazi. Utaratibu huo ulifanana na uteuzi wa asili, uwanja wa Hamilton mwenyewe. Katika makala yao ya pamoja ya 1981 walionyesha kwamba ushirikiano waweza kuchipuka na kudumu hata baina ya bakteria, wasio na akili, mradi uwezekano wa kukutana tena uwe mkubwa.

Mwaka 1987 Axelrod alipiga hatua zaidi. Akitumia mbinu ya John Holland, alitunga programu zilizobadilishana sehemu za mikakati yao mithili ya jeni. Zilipochezeshwa zenyewe kwa zenyewe, kwanza zilielekea kwenye usaliti. Hatimaye zile zilizolipa wema kwa wema zikaenea. Hivyo mikakati ya kushirikiana ilizuka pasipo mtu kuibuni.

Mapema mwaka 2000, vita vikiendelea Kongo, Hamilton alikwenda eneo la Kisangani kukusanya vinyesi vya sokwe, ili kupima dai kwamba UKIMWI ulitokana na chanjo ya polio. Alirejea Uingereza akiugua malaria, akafariki London tarehe 7 Machi 2000. Mwaka 2004 Michael Worobey, aliyekuwa mwenzake safarini, pamoja na watafiti wengine walithibitisha kuwa virusi vya sokwe wa eneo hilo si asili ya UKIMWI. Dai alilolifuatilia Hamilton lilianguka kwa kipimo kilekile alichokwenda kukitafuta.