Mtengenezaji Bia Aliyeitwa Mwanafunzi

Viwanda vikubwa vya bia ulimwenguni vimeanza kutumia kompyuta zinazofundishwa kwa kumbukumbu za mapishi yaliyopita, ili zibashiri ladha, zipunguze hasara na kuongeza faida. Hapa Bujumbura, ambako Brarudi ilianzishwa mwaka 1955, ndugu wasomaji waweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya jana. Sivyo. Sehemu ya msingi wake iliwekwa na mtu aliyekosa nafasi jeshini.

William Sealy Gosset alizaliwa Canterbury, Uingereza, tarehe 13 Juni 1876. Baba yake alikuwa kanali wa wahandisi wa jeshi, na kijana alitazamiwa kumfuata; lakini macho yake yalikuwa dhaifu, akakataliwa. Alisoma hisabati na kemia Oxford, na mwaka 1899 akaajiriwa na kiwanda cha Guinness mjini Dublin.

Kiwanda hicho kilinunua shayiri kwa wingi mno, hata kosa dogo la kuchagua mbegu likawa hasara kubwa. Lakini shamba la majaribio hutoa jibu mara moja tu kwa mwaka. Gosset alikuwa na vipimo vinne au vitano mkononi, ilhali elimu ya takwimu ya siku zile ilitaka vipimo vingi.

Askari atalielewa jambo hili upesi. Fundi wa silaha apigapo risasi nne, zote zikaangukia kushoto kidogo mwa shabaha, je, bunduki ina kasoro au ni bahati tu? Akirekebisha kwa pupa ataiharibu. Akingoja risasi elfu atamaliza ghala. Gosset alitafuta kanuni ya kuipima shaka hiyo.

Mwaka 1906 kampuni ilimpeleka London kwa mtaalamu Karl Pearson. Alipotaka kuhakiki hesabu zake hakutumia bia hata tone. Alitumia vipimo vya wahalifu 3,000: urefu wa mwili na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto, maana zamani polisi waliwatambua watu kwa vipimo kama hivyo kabla ya alama za vidole kushika nafasi yake. Aliviandika kwenye vipande 3,000 vya karatasi ngumu, akavichanganya sana, kisha akavichukua vinne vinne, yakapatikana makundi 750. Matokeo yalikubaliana na kanuni yake. Kazi ya kuchosha, lakini ndiyo iliyomthibitishia.

Makala yake ilichapishwa mwaka 1908. Kwa kuwa kampuni ililinda siri zake kwa ukali, hakuweka jina lake. Alitia sahihi ya Student, yaani mwanafunzi. Twaona kwamba jina hilo lilimfaa, kwani hakuwa mtu wa majivuno. Baadaye alibishana kwa miaka na Ronald Fisher juu ya namna ya kugawa viwanja vya majaribio, Fisher akitaka kura na yeye akitaka mpangilio wenye uwiano, na urafiki wao haukuvunjika.

Mwaka 1935 alihamia London kusimamia kiwanda kipya cha Guinness. Alifariki tarehe 16 Oktoba 1937, akiwa na umri wa miaka 61. Kompyuta ikidai leo kwamba kimea kipya kimeshinda cha zamani kwa mapishi machache, mtaalamu huipima kwa kipimo chake. Vitabuni kingali chaitwa cha Student.