Simon Kimbangu: miaka 30 gerezani Katanga, lakini ibada yake haikunyamaza

Mwaka wa 1921, kampuni ya Union Minière ilianza kuchimba madini ya Shinkolobwe, karibu na mji wa Likasi. Mwaka huo huo, magharibi mwa inchi, utawala wa Wabelgiji ulimkamata mhubiri mmoja na kumpeleka kufungwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kilometa zaidi ya mia moja kutoka mgodi huo. Jina lake ni Simon Kimbangu. Tangu 2023, tarehe 6 mwezi wa nne ni sikukuu ya taifa kwa kumkumbuka.

Kimbangu alizaliwa mwaka wa 1887 katika kijiji cha Nkamba, jimbo la Kongo-Central. Mwaka wa 1915 alibatizwa na Wabatisti wa Uingereza pamoja na mke wake, Marie Mwilu, kisha akawa mwalimu wa dini. Mwaka wa 1918, wakati mafua makali yalipokuwa yanaua watu wengi, alisikia sauti ikimwita kuchunga watu wa Mungu. Alikataa, akakimbilia Léopoldville kutafuta kazi. Mwishowe akarudi kwao. Tarehe 6 mwezi wa nne 1921, alimwekea mikono mwanamke mgonjwa, na waliokuwepo wakasema amepona.

Habari ilienea haraka sana. Watu waliacha mashamba ya wazungu na kazi zao, wakatembea kwa miguu hadi Nkamba, wengine wakibeba wagonjwa mgongoni. Huko waliimba na kuomba kwa saa nyingi. Kimbangu mwenyewe alitetemeka mwili mzima alipowaombea wagonjwa. Hata hivyo hakutaka fujo: aliwaambia watu watupe hirizi, waache kuoa wake wengi, na hata waache ngoma na michezo ya zamani. Furaha ya Nkamba ilitoka katika sauti za watu na katika miili iliyopiga magoti.

Wakubwa wa koloni waliingiwa na hofu. Kimbangu hakuwa na silaha, lakini watu walimsikiliza kuliko walivyosikiliza serikali. Mwezi wa sita askari walikuja kumkamata, akawaponyoka. Mwezi wa tisa alirudi Nkamba kwa hiari yake, akajitoa mikononi mwao. Tarehe 3 mwezi wa kumi, mahakama ya kijeshi ya Thysville ilimhukumu fimbo 120 na kifo, bila kumpa wakili. Mfalme Albert aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha.

Alikuwa amehubiri kwa miezi michache tu. Gerezani alikaa miaka 30. Wafuasi wake kwa maelfu walihamishwa kwa nguvu na kutawanywa katika majimbo mengine. Serikali ilidhani hivyo itazima moto, kumbe iliusambaza: kila walipofika, waliomba usiku kwa siri na kuimba kwa sauti ya chini.

Katika miaka hiyo uranium ya Shinkolobwe ilisafirishwa hadi Marekani, ikatumika kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka wa 1945. Kimbangu alikuwa bado mfungwa Elisabethville. Alikufa huko tarehe 12 mwezi wa kumi 1951, bila kuiona Nkamba tena.

Tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili 1959, serikali ilikubali rasmi kanisa lake, chini ya mtoto wake Joseph Diangienda. Mwaka wa 1960 mwili wake ulirudishwa Nkamba. Mwaka wa 1969 kanisa hilo liliingia katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, ingawa Wakristo wengine hawakubali yote linayofundisha kuhusu Kimbangu.

Leo Wakimbangu wanajulikana kwa ibada yao. Wanavua viatu kabla ya kuomba, tajiri na maskini sawasawa. Wamama wanafunika vichwa. Wote wanapiga magoti chini. Kisha fanfari na filimbi zinaanza, na watu wanatoka kwa mistari, wakicheza polepole kwenda kutoa sadaka. Wababa, wamama na vijana wanashindana nani atatoa zaidi. Mashindano hayo wanayaita nsinsani.

Nyimbo zilizoimbwa kwa siri wakati wa fimbo sasa zinapigwa kwa tarumbeta barabarani, mchana, mbele ya watu wote.