Charles Dotter, tabibu aliyezibua mishipa bila kisu

Fundi bomba wa Jinja angemwelewa Charles Dotter upesi kuliko wapasuaji wa zama zake. Mtaalamu huyo wa eksirei, mzaliwa wa Boston mwaka 1920, alikuwa akimpiga picha mgonjwa mwaka 1963 huko Portland, Marekani, mrija wake ulipopenya kwa bahati mshipa uliozibwa chini ya tumbo. Damu ikapita.

Januari 1964 akaletewa bibi wa miaka 82. Mguu ulikuwa ukioza, naye alikataa katakata ukatwe. Dotter akapitisha waya, kisha mirija iliyozidi kunenepa, ndani ya mshipa wa paja. Mguu ukapata joto. Bibi akautembelea hadi alipofariki, miaka miwili na nusu baadaye. Wapasuaji wengi wa kwao walimbeza hata hivyo. Ulaya ndiko alikosikilizwa.

Alikuwa pia mpanda milima hodari, shauku wanayoijua watu wa Mbale walio chini ya Elgon. Alifariki mwaka 1985. Mwaka 1990, mjini Buenos Aires, Juan Parodi akafuata njia hiyo ya kinenani, akatandika mrija wa kitambaa ndani ya mshipa mkuu wa tumbo uliovimba, usije ukapasuka.