Yatima aliyetolewa kwenye kifusi akavumbua siri ya mwanga

Kama uliacha masomo kwa kukosa karo na unaona mambo yamekwisha, hebu sikia kisa cha Joseph Fraunhofer.

Alizaliwa Machi 6, 1787, mjini Straubing, Bavaria, Ujerumani. Alikuwa kitinda mimba wa fundi wa vioo. Kufikia umri wa miaka 11, baba na mama walikuwa wamefariki. Akapelekwa Munich kujifunza kazi kwa fundi mwingine, mtu mkali ambaye hakutaka kumwona na kitabu.

Julai 21, 1801, nyumba ya fundi huyo iliporomoka. Joseph, akiwa na miaka 14, akatolewa hai kwenye kifusi. Mtawala wa Bavaria, Maximilian Joseph, alikuwa amefika kutazama uokoaji. Akamhurumia, akampa pesa.

Wengi wetu tungezitumbua. Yeye alinunua mashine ya kukata vioo, kisha akalipa ili aachiliwe na yule bosi wake kabla ya muda kuisha. Usiku akawa anajisomea hesabu na elimu ya mwanga. Mwaka wa 1806 akapata kazi katika kampuni ya kutengeneza darubini, na baadaye akahamia karakana yake ya Benediktbeuern.

Ili lenzi iwe safi, lazima ujue kioo kinapinda kila rangi kwa kiasi gani. Lakini rangi za upinde wa mvua huingiana, utapimia wapi? Mwaka wa 1814, Fraunhofer alipitisha mwanga wa jua kwenye ufa mwembamba, ukaingia katika kioo cha pembe tatu, akauchungulia kwa darubini ndogo. Akaona rangi zote zimekatwa na mistari myeusi. Alihesabu zaidi ya 500, akaipa ile mikubwa herufi kuanzia A.

Je, kioo kilikuwa kibovu? Akaelekeza darubini kwa sayari ya Zuhura, ambayo huakisi mwanga wa jua: mistari ni ile ile. Akajaribu nyota ya Sirius: mistari tofauti. Kumbe ilitoka kwenye mwanga wenyewe!

Wapo wasomi waliopinga asiingie katika Akademia ya Sayansi ya Munich kwa kuwa hakupitia chuo kikuu. Mwishowe alikubaliwa. Lakini kifua kikuu kilimuua Juni 7, 1826, akiwa na miaka 39 tu, bila kujua mistari ile ni nini.

Jibu lilianza kupatikana mwaka wa 1859, Kirchhoff na Bunsen walipoonyesha kwamba kila elementi ina mistari yake, kama alama za vidole. Mstari D ni wa sodiamu. A na B ni ya molekuli za oksijeni katika hewa ya dunia yetu.

Leo, kwa kusoma mistari ya aina hiyo katika mwanga na mawimbi ya redio, wanasayansi wametambua zaidi ya molekuli 300 angani. Mwaka wa 2022, darubini ya James Webb iligundua kaboni dayoksaidi kwenye hewa ya WASP-39b, sayari ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuikaribia.

Kazi hiyo yote ilijengwa juu ya vipimo vya kijana asiye na digrii. Wewe je, una kitabu gani mkononi wiki hii?