Władysław Starewicz

Władysław Starewicz (8 Agosti 1882 – 26 Februari 1965) alikuwa mtengenezaji wa filamu mwenye asili ya Poland, aliyezaliwa Moscow na kukulia Kaunas, Lithuania. Ni mmoja wa waanzilishi wa filamu za vikaragosi, zinazopigwa picha moja moja.

Mwaka 1910 alitaka kurekodi mbawakawa madume wakipigana. Lakini hao ni wadudu wa usiku. Taa zilipowashwa walitulia tuli. Hata kamera ya bei kubwa isingemsaidia hapo. Basi alichukua mbawakawa waliokufa, akawafunga miguu upya kwa waya na nta ili iweze kukunjwa. Alisogeza mguu kidogo, akapiga picha moja, akasogeza tena. Filamu za kimya zilihitaji picha 16 hivi kwa sekunde, yaani karibu 1,000 kwa dakika moja tu.

Mwaka 1912, akiwa Moscow kwa mtayarishaji Aleksandr Khanzhonkov, alitoa "Kisasi cha Mpiga Picha". Ndani yake panzi mwenye kamera anamnasa mbawakawa akimsaliti mkewe, kisha anayaonyesha yote sinemani.

Baada ya mapinduzi ya 1917 alihamia Ufaransa. Huko Fontenay-sous-Bois, karibu na Paris, alifanya kazi nyumbani na familia yake, hasa binti yake Irène. Filamu yake ndefu, "Le Roman de Renard", ilimaliza kupigwa picha mwaka 1930, lakini matatizo ya sauti yaliichelewesha hadi 1937, ilipoonyeshwa Berlin. Alifariki Fontenay-sous-Bois.