Albert Sydney Hornby na Ruwaza za Vitenzi

Katika sehemu zilizotangulia za sura hii tumeona kwamba kitenzi-jina cha Kiswahili hubeba kazi mbili kwa umbo moja. Neno "kusoma" ni kijalizo cha kitenzi katika "Nataka kusoma", tena ni nomino kamili yenye upatanisho wake katika "Kusoma kwake kumetufaa". Kiingereza hakiko hivyo. Lugha hiyo ina maumbo mawili: lile linalotanguliwa na "to", na lile linaloishia kwa "-ing". Msemaji hachagui apendavyo. Mara nyingi kitenzi kilichotangulia ndicho kiamuacho. "Want" hudai "to read", ilhali "enjoy" hudai "reading". Kwa kuwa wengi wa wanafunzi mtakaowafundisha watakuwa wamesoma Kiingereza kabla ya Kiswahili, yafaa tumfahamu mtu aliyelishughulikia suala hili kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

Albert Sydney Hornby alizaliwa mwaka 1898 katika mji wa Chester, Uingereza. Alisomea Kiingereza katika Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1924 akasafiri hadi Japani kufundisha katika chuo cha biashara mjini Oita, kwenye kisiwa cha Kyushu. Alikwenda kufundisha fasihi. Haikuchukua muda akatambua kwamba wanafunzi wake walihitaji kwanza lugha yenyewe, ndipo akageukia swali la namna mgeni anavyojifunza Kiingereza.

Tatizo alilokumbana nalo tunaweza kulieleza kwa mfano. Mwanafunzi amekwisha kuzoea "I want to come" na "I hope to come". Anapokutana na "suggest", anaijua maana yake, na kwa kulinganisha anasema "I suggest to come". Amekosea, ingawa mantiki aliyoifuata ni nzuri. Kamusi za wakati ule, zilizotungwa kwa ajili ya wenyeji wa lugha, zilimpa maana ya neno bila kumwonyesha ni umbo gani lifuate. Mwenyeji hakuhitaji kuambiwa. Mgeni hakuwa na njia ya kubuni.

Huko Tokyo, mwalimu Mwingereza Harold Palmer alikuwa akiongoza taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza iliyoanzishwa mwaka 1923. Hornby alijiunga na kazi hiyo, na Palmer aliporejea kwao mwaka 1936, yeye akaendelea nayo. Pamoja na E. V. Gatenby na H. Wakefield alitunga kamusi ya aina mpya. Humo vitenzi viligawanywa katika ruwaza 25, na kila kitenzi kikawekewa namba ya ruwaza zake. Vitenzi vinavyofuatwa na "to" vilikuwa na ruwaza yao, vinavyofuatwa na "-ing" yao, na vile vinavyohitaji yambwa kabla ya kitenzi cha pili yao pia. Mwanafunzi hakulazimika tena kukisia.

Kazi ilikuwa karibu na mwisho vita vilipoingia. Desemba 1941 Japani na Uingereza zikawa maadui, na Hornby, aliyekuwa amewafundisha vijana wa nchi ile kwa miaka mingi, akawekwa kizuizini kama raia wa adui. Mwaka 1942 alirudishwa kwao. Mwaka huohuo kamusi yake ilichapishwa Tokyo, katika nchi iliyokuwa vitani na nchi yake. Vita vilimtenga na wanafunzi wake, lakini kitabu alichowatungia kikawafikia.

Baadaye alifanya kazi Iran hadi vita vilipokwisha. Mwaka 1946 alianzisha jarida la walimu wa Kiingereza, na mwaka 1948 Oxford University Press ikaitoa upya kamusi ile kwa wasomaji wa dunia nzima. Ndiyo mzazi wa kamusi ya Oxford ya wanafunzi mnayoiona leo katika maktaba za shule zetu. Mwaka 1954 alitoa kitabu kinachozieleza ruwaza hizo kwa urefu, na mwaka 1961 akaanzisha mfuko uliotokana na mapato ya vitabu vyake, ili kuwasomesha walimu wa Kiingereza kutoka nchi nyingine. Alifariki mwaka 1978.

Sisi tunaofundisha Kiswahili tuna la kurithi kutoka kwake. Mwanafunzi aliyezoea "I want you to come" husema "Nataka wewe kuja", na aliyezoea "I heard her singing" husema "Nilimsikia kuimba". Kosa hili ni ndugu wa lile la "I suggest to come": mantiki ni nzuri, ruwaza siyo. Kitenzi "taka" kina ruwaza mbili. Mtenda akiwa mmoja, hufuatwa na kitenzi-jina: "Nataka kuja". Watenda wakiwa wawili, hufuatwa na dhamira tegemezi: "Nataka uje". Vitenzi "ona" na "sikia", vinapoeleza tendo lililokuwa likiendelea, hufuatwa na umbo la "-ki-": "Nilimsikia akiimba". Nacho kitenzi "kumbuka" hutaka uangalifu. "Kumbuka kufunga mlango" ni agizo la tendo ambalo bado kufanywa. Tendo likiwa limepita, ni wazi zaidi kusema "Nakumbuka kwamba nilifunga mlango". Kiingereza hutenganisha maana hizo mbili kwa "to" na "-ing". Kiswahili huzitenganisha kwa muundo wa sentensi.

Basi mnapofundisha kitenzi kipya msiishie kwenye maana yake. Andikeni ubaoni kitenzi pamoja na kile kinachokifuata, kisha mtoe sentensi mbili au tatu za mfano. Na mwanafunzi akikosea, mtafuteni kwanza mfano aliouiga, kwa maana kosa la namna hii halitokani na uvivu wala upungufu wa akili. Ni alama ya mtu anayefikiri, ambaye hajaonyeshwa ruwaza. Kumwonyesha ndiyo kazi yetu.