Maisha ya Sheikh Ramiya wa Bagamoyo: Mtumwa Aliyekuwa Mwalimu wa Mji

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, ni dasturi njema katika vitabu vya ukumbusho kuwataja waliotutangulia, si kwa kuwatukuza kupita kadiri, bali ili walio hai wapate kujipima. Katika kijitabu hiki cha jumuiya yetu tumemchagua mtu ambaye jina lake linajulikana pwani yote, lakini asili yake ni ya huku kwetu bara. Huyo ni Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alifariki dunia mwaka 1931, na mpaka leo watu hukusanyika Bagamoyo kila mwaka kwa maulidi na kumwombea dua.

Asili yake na kuchukuliwa kwake

Sheikh Ramiya alizaliwa Manyema, mashariki ya nchi ya Kongo. Katika karne ya 19 nchi ile iliingiliwa na misafara ya wafanya biashara wa pwani, waliokuwa na vituo vyao Nyangwe na Kasongo, wakitafuta pembe za ndovu na watu. Ramiya alikuwa bado mtoto alipotekwa akatiwa katika safari ile ya watumwa.

Sisi wa Rusizi yatupasa kuifahamu njia hiyo, kwani haiko mbali nasi. Maji ya mto Rusizi, yanayotoka ziwa Kivu na kupita mpakani mwa wilaya yetu, hushuka mpaka yakaingia ziwa Tanganyika. Ziwa hilo ndilo walilovushwa mateka wa Manyema kwa majahazi na mitumbwi hata Ujiji. Kutoka Ujiji walikwenda kwa miguu hata Tabora, na kutoka Tabora hata Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200 uliochukua miezi. Wengi hawakufika. Aliyefika alikuwa amekwisha kupoteza mama, baba, lugha, na jina alilopewa na wazee wake.

Bagamoyo Ramiya alinunuliwa na bwana mmoja wa Kiarabu, Amir bin Suleiman al-Lamki, mtu mwenye mali na cheo katika mji, akalelewa nyumbani kwake.

Hapa pana jambo la kusemwa waziwazi, wala si haki kulifunika. Waliomteka, waliomuuza na waliomnunua, wengi wao walikuwa watu wa kuswali na kufunga. Dini yetu imefanya kumwacha mtumwa huru kuwa ibada yenye thawabu kubwa, na kafara ya makosa mengi. Lakini wako walioichukua dini kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakashika mnyororo. Mtoto aliyeyaona haya angeweza kuichukia dini pamoja na watu wake. Ramiya hakufanya hivyo. Aliipokea Kurani katika nyumba ya mtu aliyemnunua, akaipenda, akaitumikia maisha yake yote. Alijua kupambanua baina ya maji na chombo kilichoyaleta: chombo chaweza kuwa kichafu, na chemchemi ikabaki safi.

Kazi yake na kusoma kwake

Katika ujana wake Sheikh Ramiya hakuwa na ukoo wa kumtanguliza wala urithi wa kungojea. Alianza kwa biashara ndogo ya kuuza samaki. Kidogo kidogo akaweka akiba, akanunua ardhi, akapanda minazi, hata akawa mtu anayejitegemea. Mnazi haumpi mtu faida mwaka aliopanda. Humngojesha miaka mingi, na anayeupanda sharti awe na imani kwamba kesho ipo. Huo ndio uliokuwa mwendo wake katika mambo yote.

Pamoja na kuchuma alitafuta elimu. Alisoma kwa wanavyuoni wa Bagamoyo, miongoni mwao Sheikh Abubakar bin Taha, akajifunza fikihi na elimu nyingine za dini. Tukumbuke kuwa katika miji ya pwani siku zile elimu ya juu ilikuwa aghlabu mikononi mwa Waarabu, masharifu na watu wa koo za kale. Watu waligawanywa: huyu muungwana, huyu mzalia, huyu mshenzi wa bara. Mtu wa Manyema, tena aliyewahi kuwa mtumwa, kukaa chini mbele ya kitabu na kukifungua kwa azma ya kuwa mwanachuoni, halikuwa jambo dogo. Hakuingia katika elimu kwa mlango wa nasaba, kwani mlango huo kwake ulikuwa umefungwa. Aliingia kwa mlango wa subira, ambao haufungwi na mtu.

Madrasa na tarika

Alipokwisha kupata elimu hakuifungia ndani. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa na madrasa yake mwenyewe Bagamoyo, akifundisha watoto na watu wazima. Waliokuja kwake hawakuwa wenye majina makubwa tu. Walikuja wavuvi, wapagazi, wakulima, watu wa bara waliobaki pwani, na watu waliokuwa watumwa kama yeye. Serikali ya Wajerumani ilitoa amri kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, lakini utumwa wenyewe haukufutwa na sheria katika Tanganyika hata mwaka 1922, chini ya Waingereza. Basi Sheikh Ramiya alikuwa akiwafundisha watu kwamba wao ni waja wa Mungu peke yake, katika nchi ambayo sheria yake ilikuwa bado haijawatoa mikononi mwa mabwana.

Katika siku hizo tarika ya Kadiria, iliyonasibishwa na Sheikh Abdulkadir Jilani wa Baghdad, ilikuwa ikienea sana Afrika ya Mashariki. Aliyeieneza mno pwani na Unguja alikuwa Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909. Sheikh Ramiya naye alipokea ijaza ya tarika hiyo, akawa khalifa wake mkubwa Bagamoyo, na kutoka kwake ilifika miji mingi ya bara. Katika halaka ya dhikri watu husimama duara, bega kwa bega, na katika duara hakuna mbele wala nyuma. Kwa mtu aliyezoea kusimama nyuma siku zote, hilo lilikuwa fundisho kabla hajafundishwa neno lolote.

Wako Waislamu wasiokubaliana na mambo ya tarika, nao wana hoja zao. Makala haya hayakuandikwa kwa kuamua khitilafu hiyo. Yote mawili, anayepiga dhikri na asiyepiga, yanaweza kujifunza kwa mtu aliyewakusanya waliotawanyika na kuwafundisha waliosahauliwa.

Kupewa uliwali

Mwezi wa Agosti mwaka 1916, katika Vita Kuu, Waingereza waliitwaa Bagamoyo kutoka kwa Wajerumani. Walipotaka liwali wa kuwaamulia watu mambo yao, walimpa Sheikh Ramiya cheo hicho. Fikirini, ndugu zangu: mtoto aliyeingia mji ule katika msafara wa watumwa, sasa wenye mali na wenye nasaba wanakwenda kwake kuamuliwa. Ni kisa kinachomkumbusha kila mmoja wetu Nabii Yusufu, amani iwe juu yake, aliyeuzwa kwa thamani ndogo, kisha akashika hazina za Misri.

Lakini cheo hakikumfanya aiache madrasa. Uliwali ulikuwa wa serikali, na serikali hubadilika. Alikwisha kuona moja ikiondoka na nyingine ikiingia. Ualimu ulikuwa wake. Alipofariki mwaka 1931 kazi hiyo ilishikwa na mwanawe, Sheikh Muhammad, na Bagamoyo ikaendelea kuwa mahali pa ziara kwa watu wa Kadiria kutoka pande nyingi. Leo ni wachache wanaokumbuka hukumu za liwali, lakini jina la mwalimu lingali linatajwa.

Tunayojifunza sisi wa Mibirizi

La kwanza ni jambo la asili ya mtu. Surat al-Hujurat inatufundisha kuwa Mwenyezi Mungu alifanya mataifa na makabila ili watu wajuane, na kwamba mbora ni yule amchaye Mungu zaidi. Tunaijua mafundisho hiyo kwa moyo tangu chuoni. Lakini nchi yetu imeona mwisho wa watu wanapoyasahau. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mtu aliulizwa nasaba yake kabla ya kuulizwa jina lake, na jibu ndilo lililoamua kama ataishi. Hapa Mibirizi penyewe watu waliokimbilia parokia waliuawa. Katika Rwanda wako Waislamu waliowaficha jirani zao kwa kuhatarisha roho zao, Mungu awalipe kheri. Wako pia walioikhalifu dini yao, na hao hatuwezi kuwaficha kwa kuwa walikuwa na majina kama yetu. Basi mzazi anayekataa posa ya kijana mwema kwa kuchimba ukoo wa babu yake, na mtu anayemdharau nduguye kwa kuwa amesilimu juzi, ajue ni mbegu gani anayoimwagia maji.

La pili ni elimu. Uislamu uliingia Rwanda pamoja na Waswahili wa pwani, Wamanyema na askari wa Wajerumani, na mwaka 1913 ulijengwa msikiti wa Al-Fatah huko Kigali. Wakati wa Wabelgiji Waislamu waliwekwa katika mitaa yao, kama Biryogo, na shule karibu zote zilikuwa za misheni. Hapa Mibirizi misheni ya Kikatoliki ilianza mwaka 1903. Wazee wetu wengi waliogopa watoto wao wasije wakabatizwa, wakawaweka nyumbani, na jamaa zetu wakabaki nyuma katika elimu kwa miaka mingi. Khofu yao tunaifahamu wala hatuwalaumu. Lakini leo khofu hiyo haina mahali tena. Ikiwa mtu aliyepokonywa hata jina lake aliweza kupata elimu, kijana anayeipita shule kila asubuhi akienda kukaa barazani atatoa udhuru gani? Na mzazi anayempeleka mwana wa kiume na kumwacha binti jikoni, naye atajibu nini?

La tatu ni kuishi kwa kusudio. Mtu aweza kupoteza maisha yake yote akihesabu aliyodhulumiwa. Sheikh Ramiya alikuwa na hesabu ndefu kuliko wengi wetu, na dhulma yake ilikuwa ya kweli. Hakujifanya kuwa haikutokea. Wala hakuifanya kuwa kazi yake. Aliuza samaki, akapanda minazi, akafundisha alifu na be, siku baada ya siku. Kusudio la mtu mara nyingi halionekani kubwa linapoanza. Huonekana kama kazi ndogo iliyofanywa kwa ikhlasi na isiyoachwa.

La nne ni amana. Aliyepewa cheo katika jumuiya, katika msikiti au katika serikali, na ajiulize: siku kitakapoondoka, nitabaki na nini? Akiona hatabaki na kitu, basi amekwisha kupotea ingawa bado amekalia kiti.

Kumalizia

Ndugu zangu, hatukumtaja Sheikh Ramiya ili tumwabudu, wala ili tujisifu kwa watu wa kale. Amali yake ni yake, na yetu ni yetu. Kila mmoja atakayesoma kurasa hizi na atazame katika mtaa wake: yuko mtoto ambaye hana wa kumlipia daftari, yatima anayeitwa kwa jina la kumdhalilisha, au mgeni asiyekuwa na jamaa. Huenda ndiye mwalimu wa watoto wetu kesho. Yatupasa tumkaribishe leo, kabla hajatuhitajia sisi kumwomba radhi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Yahya bin Abdallah, awarehemu wote waliofia njiani baina ya Manyema na bahari ambao makaburi yao hayajulikani, awarehemu waliouawa katika nchi yetu pasipo kosa, na atujaalie sisi na wana wetu elimu yenye manufaa, moyo mnyenyekevu na mwisho mwema. Amin.